Visu Nilivyovinyoosha kwa Mkono Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwa mdogo wangu, sanduku moja mkononi, sina mume wala mgahawa. Wengi wenu mlinionea huruma. Mmoja aliandika kwamba mwanamke aliyeonewa kiasi kile Mungu hawezi kumtupa. Namshukuru, ila namwomba asome ya leo kwanza.

Hadi hapo tulipofika, mabaya yote nilitendewa. Haya ya leo niliyatenda mimi.

Mdogo wangu alinipokea bila maswali. Alinitandikia godoro chumbani kwa binti yake wa miaka kumi na mitatu, akaniambia nipumzike hadi roho itulie. Mumewe, shemeji yangu, alinikaribisha kwa heshima. Lakini wahenga walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa miezi miwili. Siku moja mezani shemeji aliniuliza kwa upole kama nina mpango wowote. Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Kesho yake nikapewa jembe langu. Lilikuwa kaunta ya duka lake la vyombo.

Duka lenyewe ni chumba kirefu chembamba. Sufuria zimepangwa moja ndani ya nyingine hadi karibu na dari, ndoo zinaning'inia mlangoni, mtu mrefu haingii bila kuinama. Nyuma kuna stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Kimya. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa na wateja, maana ukimsalimia anaitikia kwa kichwa, na ukimuuliza bei anakuonyesha kwa kidole ilipobandikwa.

Huyo Kimya ndiye aliyenifundisha visu.

Duka letu liliuza visu vya jikoni vya bei ya chini, vyenye mpini wa plastiki na bapa jembamba, kila kimoja ndani ya ala ya kadibodi. Mteja wa kisu cha bei ya chini, alisema mzee, huchagua rangi ya mpini. Wewe tazama chuma. Shika mpini, fumba jicho moja, fuata makali kwa jicho kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha, kama mtu anayetunga uzi. Mstari ukiyumba, kirudishe. Kisha kilaze kwenye kioo cha kaunta. Ukiona mwanga umepenya chini ya bapa, kimepinda. Mwisho kipitishe kwenye karatasi. Kilichonyooka kinakwenda unakokituma, kilichopinda kinakwenda kinakotaka chenyewe.

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo.

Vilivyopinda viliwekwa kwenye kapu karibu na mlango, na kibao cha kadibodi juu yake kilichoandikwa VIMEPINDA. Wapo waliovinunua kwa kung'olea magugu au kufungulia makopo. Walijua wanachonunua.

Basi siku moja likaja boksi lililobonyea. Aliyelipakia garini alikuwa ameweka kitu kizito juu yake. Tulivikagua visu vyote na Kimya, kimoja kimoja, tukakuta thelathini na moja vimejikunja kama ukucha. Shemeji akakuna kichwa. Akasema viingie kwenye kapu, hasara ni yake, dunia haijaisha. Akaondoka zake.

Nataka muelewe vizuri. Hakuna mtu aliyenituma.

Nilimuuliza mzee kama kisu kilichopinda hakiwezi kunyooshwa. Aliingia stoo akatoka na kisu chake cha kumenyea matunda ya mchana, nacho kimepinda. Akakizungushia kitambaa, akakibana katikati ya vibao viwili kwenye upenyo wa mlango, akakisukuma taratibu hadi kikapita kidogo ule unyoofu, akakiachia. Kilirudi kimenyooka.

"Hiki ni cha kwangu, binti," alisema. "Chuma kama hiki ni laini, kinatii. Lakini pale kilipopinda ndipo kilipochoka. Siku ya kazi ngumu kitarudi kulekule. Cha kuuza usinyooshe."

Niliitikia, ndiyo mzee.

Mchana ule alipotoka kwenda kula, nilijifungia stoo na lile kapu. Mchana wa pili vilevile. Sikuwa na mkono kama wake. Mimi nilibana na kusukuma kwa haraka, sikio langu likiwa mlangoni. Kimoja kilikatika mikononi mwangu, vipande viwili. Nilivifunga kwenye gazeti nikavizika chini ya taka. Hilo lilitosha kunizindua, lakini mtu akishadhamiria upuuzi huona kila onyo ni bahati mbaya tu. Vilivyobaki, thelathini kamili, nilivirudisha kwenye ala zake nikavichanganya na vizima. Nilivichanganya vizuri, kama karata.

Shemeji alipokuta kapu liko tupu aliuliza. Nikamwambia nilivikagua upya, nikagundua vingi havikuwa vimepinda, ni ala tu zilizobonyea. Akachukua viwili rafuni, akafumba jicho, akatazama. Vilikuwa vimenyooka.

"Shemeji, wewe una jicho," alisema.

Sijui kama mnaelewa neno dogo kama hilo linavyomwingia mtu ambaye kwa mwaka mzima hajasifiwa hata kwa chai aliyopika. Jioni alimsimulia mke wake mezani. Mdogo wangu alinitazama, uso umemng'aa, kama vile ni yeye aliyesifiwa. Chakula cha siku ile kilinishuka bila kukwama kooni. Nilijihisi sili tena cha bure.

Kimya alijua. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya rafu, akatoa kisu kimoja, akakitazama, akapitisha kidole gumba juu ya ubapa wake, polepole. Kisha akanitazama mimi. Akakirudisha. Akaingia stoo.

Nikajiambia, kunyamaza ni kukubali. Ni rahisi sana kumtumia methali mtu asiyesema.

Wiki ile ile alikuja mama mmoja mtu mzima, mpishi wa shule ya watoto wadogo. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa sauti ya kunijua siku nyingi. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu mweupe, la pili nalo lilikuwa njiani. Alitaka kisu cha nyumbani kwake, cha kawaida tu, kisimzidi uwezo.

"Nichagulie wewe, mwanangu," alisema. "Mimi macho yangu yamebaki ya kuonea mlango."

Nilitoa kisu cha kwanza kilichogusa mkono wangu. Nikafumba jicho moja, nikakifuata hadi ncha, nikainua nyusi kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Mama wa watu akawa ananisikiliza ninavyopumua.

Nimewaambia watu wengi kwamba sikujua. Ninyi sitawadanganya. Kidole changu gumba kilijua. Nilipokipitisha juu ya bapa kilikuta kijituta, kidogo sana, pale katikati. Ningeweza kukirudisha na kutoa kingine. Lakini kilikuwa tayari mkononi, na nilikuwa nimeshainua nyusi, na kukirudisha kungekuwa kujiambia mwenyewe kuhusu vile thelathini. Sikutaka mazungumzo hayo.

"Kimenyooka kama mshale, mama," nilisema.

Akaniombea dua. Akaniambia nizidi kuwa hivyo hivyo.

Zikapita siku tisa.

Siku ya kumi alirudi. Safari hii alitembea akipapasa ukuta, na kisu kilikuwa ndani ya kitambaa, kimefungwa mafundo mawili kama mtu anayeogopa kitamponyoka.  Nilijua anakuja kunifokea, na nilikuwa nimeshaanza kutayarisha maneno.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu," alisema.

Sikuelewa. Akafungua kile kitambaa. Kisu kilikuwa kimepinda katikati, palepale.

Akanieleza. Alikuwa anapasua boga. Binti yake alikuwa amelishikilia, maana mama peke yake halioni lilipo vizuri. Kisu kikaingia, kikakwama, akasukuma, na badala ya kushuka kikageuka kwa ubavu, kikateleza juu ya ganda na kupita kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa binti yake. Binti huyo ni fundi cherehani. Hospitali walimshona, lakini kano lilikuwa limekatika. Kidole kinasimama, hakikunjiki. Na kidole hicho, mama aliniambia akinionyesha kwa chake, ndicho kinachoongoza kitambaa kwenye sindano.

Nilisubiri aseme kosa ni la kisu.

Hakusema. Alisema kosa ni lake. Alikuwa amesukuma kwa kupindisha mkono, kwa sababu ya uzee, akakiharibu kisu kizuri nilichomchagulia kwa macho yangu. Alikuwa tayari amekwenda shuleni kuwaambia watafute mpishi mwingine. Kama mikono yake imeweza kumkata mwanawe mwenyewe, alisema, haina haki ya kushika kisu karibu na watoto wa watu.

Sasa ndugu wasomaji, hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kusema sentensi moja.

Nilimshika mkono, nikasema, "Pole mama. Ndiyo uzee."

Nimeyaandika maneno hayo na kuyafuta mara tatu. Yaacheni yakae.

Kisha nikaenda rafuni, nikachagua kisu kingine, hiki nilikilaza kwenye kioo, nikakipitisha kwenye karatasi, nikamkabidhi bure. Alilia. Mdogo wangu alikuwa amepita kuleta chakula cha mchana, akayaona yote kutoka mlangoni. Mama alimwambia kwamba katika duka hili kuna mtu mwenye utu. Mdogo wangu akajibu kwamba ndivyo dada yake alivyo tangu utotoni.

Kisu kilichopinda mama alikibeba tena. Alisema binti yake anataka kukiona. Sikufikiria lolote.

Siku mbili baadaye binti mwenyewe akaja.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wa mdogo wangu, miwani puani, kidole kimefungwa bandeji nene kama kidole cha mtu mwingine. Shemeji alikuwapo. Akasalimia, akakifungua kisu juu ya kaunta, akamwomba shemeji asogee karibu na mwanga.

Hakupandisha sauti. Alisema kazi yake ni sindano, na anajua chuma kinavyopinda. Kilichopinda kwa kazi kina alama moja. Hiki kilikuwa na mbili. Akaweka ukucha wake juu ya bapa, kwenye mistari miwili hafifu iliyolikata kwa upana, ambayo mtu asiyetafuta haioni. Hapa kilibanwa, alisema. Kilikuwa kimepinda kabla, kikanyooshwa kwa nguvu, kikauzwa kwa mama asiyeona.

"Sikuja kudai kitu," alisema. "Nataka kujua ni nani aliyekinyoosha. Mama yangu ameacha kazi akidhani ni mikono yake."

Shemeji akakichukua kisu, akakigeuzageuza. Uso wake ulibadilika. Kisha akanigeukia mimi. 

Na mimi nikasikia sauti yangu ikitoka, tulivu kabisa. "Mimi nauza tu, shemeji. Vitu vikitoka stoo, vinatoka kwa mzee."

Kimya alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo na fungu la miiko mikononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Miiko haikuanguka. Wala hakushangaa. Alinitazama kama anavyotazama kisu, kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha.

Shemeji akamuuliza kama amekuwa akinyoosha visu.

"Kunyoosha najua," mzee alisema.

Shemeji alimsubiri ajitetee, akamsubiri tena, mwishowe akasema kwamba baada ya miaka kumi na tisa hakutarajia hilo. Alimwachisha kazi saa ile ile, kwa sauti ya mtu anayeumia. Mzee akaipanga miiko mahali pake. Akachukua koti lake msumarini na kikombe chake cha bati. Alipopita mbele ya kaunta aliinama kukwepa zile ndoo, akatoka.

Fundi alikuwa bado amesimama pale. Alimwangalia mzee hadi akapotea barabarani, kisha akaniangalia mimi. Alikifunga kisu chake, akaaga.

Siku nne sikula. Mdogo wangu alidhani nina homa, akanichemshia maji, akaniwekea kitambaa kwenye paji la uso. Kila alipoweka kitambaa nilitamani angenipiga kofi. Dukani shemeji alinipa funguo za stoo. Nilikuta ule upenyo wa mlango una mikwaruzo, ya vibao vyangu, wazi kama maandishi, na hakuna aliyewahi kwenda kuitazama. Kwa nini waende? Walikuwa na neno langu.

Siku ya tano nilivunjika. Baada ya saa nane nilimwomba mdogo wangu akae kaunta, maana shemeji alikuwa amefuata mizigo. Nikasema nakwenda kutafuta dawa. Nilikuwa nimeamua kumwendea fundi kwanza. Mzee nilimwogopa.

Kibanda cha fundi kiko nyuma ya soko, chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Niliusikia mlio wa cherehani kabla sijafika, nikashangaa, maana nilijua hawezi kushona. Nikasukuma pazia.

Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani, miguu inakanyaga. Kando yake, bega kwa bega, alikuwa amekaa Kimya. Kidole cha mzee, kile chenye ukucha mnene wa kufungulia maboksi, kilikuwa kinakiongoza kitambaa cheupe kuelekea kwenye sindano, taratibu, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Fundi akisema kulia kidogo, kinaenda kulia. Akisema basi, kinasimama.

Mzee alikuwa amekwenda pale siku iliyofuata kufukuzwa kwake, nilikuja kuambiwa. Alisema hana kazi na ana vidole kumi. 

Mama naye alikuwapo, kwenye kigoda pembeni, anafumua mshono kwa kupapasa. Nikatoa shikamoo. Akaitambua sauti yangu papo hapo. Akanyoosha mkono hadi akaupata wangu.

"Huyu ndiye yule niliyewaambia," alisema. "Huyu ndiye aliyenipa kingine. Karibu mwanangu, kaa."

Mzee alinitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayesema, acha. Sijui mpaka leo alikuwa ananihurumia au alikuwa amechoka na mambo yangu.

Nikasema nikiwa nimesimama, mkono wangu ungali mkononi mwa mama. Nilisema si mzee, ni mimi. Nilisema vilikuwa thelathini na moja na kimoja kilikatika. Nilisema kidole changu kilihisi kile kituta na bado nikamwambia kimenyooka kama mshale. Nilisema yote, hata ya shemeji kunisifu, ingawa nilipofika hapo yalisikika ya kitoto.

Cherehani ilisimama.

"Nilijua," fundi alisema. "Mzee hajasema neno. Lakini nimefanya naye kazi siku nne. Mtu mwenye mkono huu haachi alama kama zile." Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa alichokuwa anashona. "Nilitaka kuona kama utakuja."

 Mkono wa mama ulikuwa bado umeshika wangu, lakini kwa namna nyingine, kama mtu aliyeshika kitu gizani akawa anajiuliza ni kitu gani.

"Kumbe haikuwa mikono yangu," alisema.

Nikasema haikuwa, mama.

"Nawe uliniambia ni uzee."

  Kisha akasema, si kwangu, kwa binti yake, kwamba pale shuleni walishapata mpishi mwingine tangu Jumatatu, mwanamke kijana mwenye watoto wawili, na mtu kama huyo huwezi kwenda kumwondoa. Akaniachia mkono. Aliuachia kwa utaratibu, akautuliza juu ya nguo yangu, kama mtu anayerudisha mali ya wenyewe.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Sikulia. Aibu ikizidi hukausha macho.

Fundi alisimama, akajifunga kitenge.

"Hapa umesema, na hapa ni rahisi," aliniambia. "Hapa tulishajua. Twende ukaseme pale ulipomtupia mzee."

Tukatoka. Kimya alibaki amekaa na kidole chake juu ya kitambaa, kama anayesubiri cherehani iendelee.  Njiani watu walimsalimia fundi na kumuuliza hali ya kidole, akawajibu kwamba kinaendelea, na kila jibu nililisikia kwa masikio yote mawili. Nilipanga maneno. Nitasema kwa shemeji, kwa ufupi, nitachukua sanduku langu.

Lakini shemeji alikuwa hajarudi. Kwenye kaunta alikuwa mdogo wangu, peke yake.

Alipomwona fundi yuko pamoja nami alisimama. Kabla sijafungua mdomo alitoka nyuma ya kaunta akaja kusimama katikati yetu, mgongo kwangu, uso kwa fundi. Mdogo wangu huyu ni mpole. Tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nampigania.

Alisema anampa pole ya kidole kutoka moyoni. Lakini suala limekwisha, aliyefanya ameshaondoka, na hataki dada yake afuatwefuatwe, ni mgonjwa siku ya tano hali kitu. Akasema hata ndani ya nyumba yake mwenyewe suala hili limemgharimu. Mumewe alikuwa ameanza kumshuku dada. Mumewe alisema mzee hakunyoosha kisu miaka kumi na tisa, kwa nini aanze mwezi dada alipoingia. Hawajasemezana vizuri tangu siku ile.

"Nilimwapia," mdogo wangu alisema. "Nilimwapia kwa jina la mama yetu aliyelala kaburini kwamba dada yangu hajafanya. Ndipo akanyamaza."

 Fundi alisogea hatua moja pembeni, ili mdogo wangu anione.

Mdogo wangu akageuka. "Dada, mwambie basi."

Nikamwambia.

Nilisema kwa maneno machache kuliko ya kule kibandani, maana hapa kila neno lilikuwa linapita juu ya jina la mama. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hadi kiuno kikagusa kaunta, akashika ukingo wa kioo kwa mikono yote miwili. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, akaona nyuso zetu, akaenda zake.

Nilitegemea atauliza kwa nini. Nilikuwa na majibu ya kwa nini.

"Vilikuwa vingapi?" aliuliza.

Thelathini, nikasema.

"Vilivyobaki viko wapi?"

Vingine vimeuzwa, nikasema. Vingine bado viko rafuni, vimechanganyika na vizima.

"Vimechanganyika," alirudia. Akaitazama ile rafu juu ya bega lake, kisha saa ya ukutani. Nikaona rangi inamtoka usoni, na mwanzoni sikuelewa sababu.

Akachukua simu yake.  Alisema, akiwa ameiweka sikioni, kwamba Jumamosi alipita hapa nikiwa nahudumia mtu, akajichukulia kisu pale pale rafuni, mpini wa kijani. Cha nyumbani kilikuwa butu. Na leo, kwa kuwa mimi ni mgonjwa na yeye yuko kaunta kwa ajili yangu, amemwambia binti yake akitoka shule aanze kukata mboga na lile boga lililobaki, asimsubiri.

Simu iliita. Ikaita tena. Ilikata yenyewe, akapiga upya.

"Dada," alisema, macho yamenikazia, "kile nacho ulikinyoosha?"

Niliitazama rafu, mipini ya kijani, ya bluu na nyekundu, yote imekaa sawa ndani ya ala zake kama nilivyoipanga. Nilijaribu kukumbuka. Naapa nilijaribu.

"Sijui," nikamwambia.

Simu ilikuwa bado inaita.